Tupeni saa, mfumo mpya usubiri: barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu

Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo, wakuu wa ndaki na vitivo, wakurugenzi wa TEHAMA, na nyote mnaoshika kalamu ya bajeti,

Salaam.

Naandika barua hii nikiwa mkutubi wa chuo kikuu. Sehemu kubwa ya ukutubi siku hizi, ukiacha vitabu, ni kupokea watu walioshindwa na kompyuta. Anakuja mhadhiri ambaye mfumo wa matokeo umemgomea siku ya mwisho ya kupakia alama. Anakuja mwanafunzi wa uzamivu ambaye yaliyomo ya tasnifu yake ameyaandika kwa mkono, nukta moja moja hadi kwenye namba ya ukurasa, na sasa msimamizi ameongeza aya moja katika sura ya pili na kila namba imehama. Anakuja katibu muhtasi wa idara na orodha mbili za wanafunzi wa darasa moja ambazo hazilingani. Kila mmoja huja peke yake, kwa sauti ya chini, kana kwamba ameleta ugonjwa wa aibu.

Ombi langu ni moja, na nalitaja mapema ili mwenye haraka asihangaike kufika mwisho. Katika mwaka ujao wa masomo msitununulie mfumo mpya. Tupeni saa. Saa mbili kwa wiki, ndani ya ratiba na ndani ya mzigo wa kazi unaohesabiwa, ambazo mhadhiri, mwanafunzi na mtumishi wa ofisini watakaa meza moja, kila mmoja na kazi yake halisi mbele yake, wafundishane.

Mgala muue na haki yake umpe. Mmetandaza nyaya, mmefunga vipanga njia, mmelipia leseni, na kila mfumo mliouleta umekuja na semina yake. Lakini semina zenyewe tunazijua. Ukumbi unajaa, projekta inawashwa, mtaalamu kutoka kwa muuzaji anabofya huku na kule: hapa unaingia, hapa unapakia, hapa unahifadhi. Mara nyingi akaunti za washiriki hazijafunguliwa bado, kwa hiyo watu wanatazama tu. Mchana picha ya pamoja, jioni vyeti, kisha taarifa inaandikwa kwamba watumishi wamejengewa uwezo. Wiki kadhaa baadaye mhadhiri anakaa mbele ya mfumo uleule akiwa na kazi ya kweli kwa mara ya kwanza, na faili lake linakataliwa. Mtaalamu ameshaondoka. Kitini kiko kwenye droo, na picha zake ni za toleo la zamani.

Afanyeje? Anamwita aliye karibu. Huyo aliye karibu ndiye mfumo wa mafunzo ambao vyuo vyetu vinautegemea kila siku bila kuuandika popote. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipofunga madarasa na vipindi vikahamia mtandaoni ndani ya wiki chache, wahadhiri wengi walifundishwa na mwenzao wa idara aliyewatangulia kwa siku mbili, au na mtoto wao nyumbani, au na mwanafunzi aliyeandika kwenye kisanduku cha ujumbe: “Mwalimu, hatukusikii, maiki yako imezimwa.” Vipindi viliendelea. Kisha milango ilipofunguliwa tukarudi kwenye semina, kana kwamba hatukujifunza chochote kuhusu namna tulivyojifunza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichopo Amherst, Marekani. Mwaka 2010 wanauchumi wawili wenye majina makubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala iliyosema kwamba nchi ambazo deni la serikali limefika asilimia 90 ya pato la taifa au zaidi hukua kwa shida. Wastani wa ukuaji wao, kwa hesabu za makala ile, ulikuwa chini ya sifuri, hasi 0.1 kwa mia. Wanasiasa wakaibeba hoja hiyo kutetea kubana matumizi. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu, alikuwa na zoezi la darasani: chagua makala iliyochapishwa, rudia hesabu zake, uone kama utafika palepale. Hakufika. Akajaribu tena, wapi. Mwishowe akawaandikia waandishi kuomba data zao, na Reinhart akamtumia faili lenyewe la Excel. Herndon alipobofya seli ya wastani aliona fomula inaanzia mstari wa 30 na kuishia wa 44, ilhali data zinakwenda hadi mstari wa 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark.

Fomula haikuwa kasoro pekee. Kulikuwa na data nyingine zilizoachwa, na namna ya kupima uzito wa kila nchi ambayo Herndon aliipinga. Yeye na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, walipokokotoa yote upya walipata wastani wa asilimia 2.2. Taarifa yao ilitoka Aprili 2013. Waandishi wa awali walikiri kosa la fomula, ingawa walishikilia kwamba hoja yao kwa ujumla imesimama.

Tazameni kilichofanya jambo hilo liwezekane. Zoezi lilitoka kwa mwalimu. Subira ya kubofya seli moja baada ya nyingine ilikuwa ya mwanafunzi. Faili lilitoka kwa waandishi ambao wangeweza kabisa kunyamaza. Na mwanafunzi alipokuja na jambo zito, walimu wake hawakumwambia aache kuchokoza wakubwa. Waliketi naye, wakahakiki, wakaandika naye, na jina lake likatangulia. Ukiniuliza ujuzi wa kidijitali katika chuo kikuu unafananaje, nitakuonesha meza hiyo. Kujua kuandika fomula ya wastani kunafundishika kwa dakika kumi. Kuitilia shaka fomula ya profesa, na kumpata profesa mwingine wa kuitilia shaka pamoja nawe, kunahitaji mahali pa kukutana.

Wala si wachumi peke yao. Mwaka 2016 watafiti nchini Australia walipitia mafaili ya Excel yaliyoambatanishwa na makala za jenetiki, wakakuta kwamba takriban makala moja katika kila tano zenye orodha za jeni kwenye mafaili hayo ilikuwa na majina yaliyoharibiwa na programu yenyewe: jeni iliyoitwa SEPT2 iligeuka kuwa tarehe 2 Septemba, na hakuna aliyeona. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikasalimu amri, ikatoa mwongozo mpya na kuyabadili majina. SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1. Sayansi ya dunia nzima iliona ni rahisi kubadili jina la jeni kuliko kubadili tabia ya mtu mbele ya lahajedwali. Nacheka kila ninapolisimulia hili, lakini kicheko hicho kina uchungu, maana makala zile zilipita mikononi mwa waandishi wengi, wahakiki na wahariri, na kila mmoja alidhani seli hizo zimekaguliwa na mwingine.

Mtaniambia vijana wa leo wamezaliwa na simu mkononi, kwa hiyo wahangaikiwe wahadhiri tu. Dhana hiyo ilipata umaarufu mwaka 2001, mwandishi wa masuala ya elimu Marc Prensky alipowaita vijana wazawa wa ulimwengu wa kidijitali na walimu wao wahamiaji. Inapendeza masikioni, na imetugharimu. Kijana anayekata na kuunganisha video kwenye simu kwa dakika chache ndiye huyohuyo anayekuja kwangu hajui faili alilopakua limekwenda wapi. Ana matoleo sita ya ripoti moja: “final”, “final mpya”, “final kabisa”, na lililo sahihi ni “final mpya (2)”. Nenosiri lake ni moja kwa barua pepe, benki na mfumo wa chuo. Hajawahi kuambiwa tofauti ya jarida la kitaaluma na tovuti inayochapisha chochote mradi umelipa. Kwa upande mwingine, mhadhiri aliyeitwa mhamiaji anaweza asijue kuweka marejeleo kwa programu, lakini ukimwonesha chanzo cha uongo atakinusa kabla hujamaliza kusoma kichwa chake.

Niliwahi kuwaona wawili wa namna hiyo kwenye meza moja ya maktaba. Mwalimu wa historia, mtu mzima, alikuwa akiandika marejeleo ya sura ya kitabu moja baada ya jingine, koma kwa koma. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akamwambia, “Mwalimu, samahani, naomba nikuoneshe kitu,” akamfungulia Zotero, programu ya kupanga marejeleo, na orodha nzima ikajipanga kwa mtindo alioutaka mchapishaji. Mwalimu alishangaa kama mtoto. Kisha akaomba kuona insha ya yule binti, akateremka moja kwa moja hadi kwenye marejeleo na kuweka kidole kwenye jina la tatu. “Huyu namfahamu. Hajawahi kuandika kitabu hiki.” Kumbe orodha ilitoka kwenye programu ya akili mnemba, ambayo ilikuwa imebuni kichwa cha kitabu, mwaka na hata mchapishaji. Hawakugombana. Walikaa wakaanza kuvitafuta vyanzo vingine kimoja kimoja kwenye katalogi, yeye akibofya, mwalimu akisema kipi kinaaminika na kwa nini. Kila mmoja aliondoka na kile ambacho mwenzake alikuwa nacho. Hakuna aliyepanga wakutane. Walikosa nafasi kwenye meza nyingine.

Nalitaja hilo la akili mnemba kwa sababu ndiko mnakokwenda kutumia fedha sasa. ChatGPT ilitoka tarehe 30 Novemba 2022, na mwitikio wa kwanza wa vyuo vingi ulikuwa kutafuta programu ya kumnasa mwanafunzi. OpenAI, kampuni iliyoitengeneza, yenyewe ilitoa chombo cha kutambua maandishi ya mashine, kisha Julai 2023 ikakiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vigunduzi saba kwa insha za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na binadamu kwa jasho lao, zilibandikwa alama ya mashine. Wengi wetu tunaosoma barua hii kwa Kiswahili tuliandika insha zetu za chuo kwa Kiingereza cha kujifunza. Fikirini mwanafunzi wenu akiitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa ushahidi wa namna hiyo. Fedha ya kigunduzi kimoja ingelipa saa nyingi za mwalimu na wanafunzi kukaa pamoja, wakaiuliza mashine swali la somo lao wenyewe, wakakagua jibu mstari kwa mstari, na kukubaliana wapi inasaidia na wapi inadanganya.

Sasa niguse jambo ambalo haliandikwi kwenye taarifa za semina. Wahadhiri wengi wanaogopa. Mtu amefundisha miaka ishirini, ana shahada tatu, darasa zima linamwita Profesa. Atasemaje mbele ya vijana kwamba hajui kuunganisha kompyuta na projekta? Bora afe na tai shingoni. Atafundisha kwa ubao, atasema umeme si wa kuaminika, atamtuma msaidizi. Nimeona watu wenye akili kubwa wakipoteza nusu siku kuficha jambo la dakika tano. Na mwanafunzi naye ana hofu yake: kumsahihisha mkubwa ni utovu wa adabu, na kujitia mjuaji kunaweza kukuponza siku ya kusahihishwa mtihani. Kwa hiyo mjuzi ananyamaza, asiyejua ananyamaza, na chuo kinaandika kwamba kila mtu ameshafunzwa.

Hofu hiyo haiondoki kwa waraka. Inaondoka kwa utaratibu unaofanya kutokujua kuwe jambo la kawaida. Kuna watu wameufanyia kazi kwa muda mrefu. Software Carpentry ilianza mwaka 1998 katika maabara ya Los Alamos, Marekani, kwa Greg Wilson na Brent Gorda, kuwafundisha wanasayansi kutumia kompyuta vizuri. Tangu 2018 imo ndani ya jumuiya ya The Carpentries, inayoendesha warsha katika nchi nyingi kwa walimu wa kujitolea. Nendeni mkaone chumba chao. Mwalimu anaandika kila amri moja kwa moja mbele ya watu, na anapokosea anaacha kosa lionekane na kulirekebisha kwa sauti. Kila mshiriki ana vikaratasi viwili vya gundi vyenye rangi tofauti. Ukimaliza zoezi unabandika cha rangi moja juu ya kompyuta yako; ukikwama unabandika cha rangi nyingine, na msaidizi anakuja bila wewe kunyoosha mkono wala kufungua mdomo. Profesa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wanabandika karatasi ileile. Mwalimu akitupa jicho mara moja anajua kama aendelee au arudi nyuma. Msaidizi wa leo anaweza kuwa mwalimu wa warsha ijayo, na masomo yenyewe yako wazi kwa yeyote kuyatumia na kuyarekebisha kwa leseni ya Creative Commons. Gharama ya kile kikaratasi mnaijua.

Katika meza hizi ninazoziomba kuna watu ambao kila mara tunawasahau. Tukisema wafanyakazi wa chuo kikuu, mawazo yanakwenda kwa wahadhiri. Lakini data za chuo ziko mikononi mwa makatibu muhtasi, maafisa udahili, watu wa masijala, wahasibu na mafundi wa maabara. Nitawapa kisa kimoja kwa karibu. Afisa mmoja wa idara hupokea alama kutoka kwa wahadhiri kumi na tano. Mmoja analeta karatasi, mwingine picha ya karatasi kwa WhatsApp, wa tatu faili la Excel ambalo jina la mwanafunzi liko pamoja na namba ya usajili ndani ya seli moja, wa nne PDF. Afisa anaketi na kuvichapa vyote upya kwenye mfumo, kwa siku kadhaa, na namba moja ikiteleza mwanafunzi anakosa kuhitimu. Hakuna mfumo wa kununua utakaoponya hilo, kwa sababu tatizo linaanzia kule ambako data inazaliwa. Wahadhiri wawili, yule afisa na mwanafunzi mmoja wa takwimu wakikaa saa mbili wanatengeneza jedwali moja la pamoja: namba ya usajili safu yake, jina safu yake, alama safu yake, na seli inayokataa alama iliyozidi mia. Baada ya hapo idara nzima inatumia jedwali hilo. Afisa yule anajua matatizo ya data za chuo kuliko kamati yoyote ya TEHAMA, na hajawahi kuitwa kwenye kikao hata kimoja.

Mkiwa na shaka kama watu wa vyuoni wanaweza kujitengenezea, kumbukeni tunavyotumia tayari. R, programu ya takwimu inayotumiwa duniani kote, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na wahadhiri wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, Ross Ihaka na Robert Gentleman, waliotaka chombo cha kufundishia wanafunzi wao. Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, ilianzishwa na Martin Dougiamas, aliyekuwa akisimamia mfumo wa kufundishia wa Chuo Kikuu cha Curtin huko Australia na hakuridhika nao. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2002. Zotero ilitoka Chuo Kikuu cha George Mason mwaka 2006. Zote ni bure, zote zimekua kwa sababu watu wa vyuo mbalimbali walichangia marekebisho, tafsiri na miongozo. Hata hivyo bado kuna vyuo vinavyolipia leseni ya programu ya takwimu ambayo wanafunzi wake hawataimudu siku moja baada ya kuhitimu, kwa sababu tu hakuna aliyepewa muda wa kujifunza ile ya bure na kuandika mazoezi yake.

Hapa ushirikiano uvuke uzio wa chuo. Idara za takwimu katika vyuo kumi zinaandaa, kila moja peke yake, somo lilelile la utangulizi wa R. Chuo kimoja kikiandika sura tatu, kingine kikazijaribu darasani na kurekebisha, cha tatu kikaongeza mazoezi yenye data za kilimo, wote tumepumua. Kinachozuia si teknolojia. Ni kanuni za kupandishwa cheo, ambazo zinampa mhadhiri pointi kwa makala iliyosomwa na watu sita na kumpa sifuri kwa somo linalotumiwa na vyuo vinne. Seneti zenu zinaweza kuibadili kanuni hiyo katika kikao kimoja, na haitagharimu hata senti.

Narudi kwenye saa, kwa sababu najua hapo ndipo mtakaponiambia haiwezekani. Mhadhiri ana vipindi, usimamizi wa tafiti, kusahihisha, vikao. Ukimwambia “jifunze kwa muda wako”, umemwambia asijifunze. Kwa hiyo saa hizo ziingie kwenye hesabu ya mzigo wa kazi kama vipindi vinavyoingia, na zipangwe wakati ambao idara husika haina darasa. Afisa wa ofisi apewe ruhusa ya maandishi, la sivyo mkuu wake atamwita katikati. Na mwanafunzi asifanywe kibarua wa bure. Mwanafunzi anayesaidia apewe krediti au alipwe kwa saa, kama anavyolipwa msaidizi wa utafiti. Chuo cha Bryn Mawr, Marekani, kina mpango ulioanza katikati ya miaka ya 2000 ambao mwanafunzi analipwa kuwa mshauri wa mhadhiri: anahudhuria darasa ambalo yeye mwenyewe hasomi, anaandika anachokiona, kisha wawili hao wanakutana kila wiki kuzungumza namna ya kufundisha. Kutokuwa mwanafunzi wa darasa lile kunamlinda. Hana mtihani wa kuogopa. Utaratibu huohuo unafaa kwa ujuzi wa kidijitali, na ningeuomba uwe sharti: anayemsaidia mhadhiri asiwe anasahihishwa na mhadhiri huyohuyo muhula ule.

Nawasihi pia msiunde kamati ya kuandika upya orodha ya ujuzi unaotakiwa. Orodha zipo. UNESCO ilitoa toleo la tatu la mwongozo wake wa TEHAMA kwa walimu mwaka 2018, lenye stadi 18. Tume ya Ulaya ilitoa wa waelimishaji mwaka 2017, wenye stadi 22 katika maeneo sita. Chukueni mmoja, kateni yasiyowahusu, anzeni. Kamati tutaiunda baadaye ikibidi, na kwa kuwafahamu, itabidi.

Kuhusu namna ya kupima, acheni kuhesabu vyeti. Mwisho wa muhula ulizeni idara maswali ya kazi: ni majedwali mangapi ya alama yamekuja kwa muundo mmoja? Ni tasnifu ngapi zimewasilishwa na data zake pamoja na maelezo ambayo mtu mwingine anaweza kuyafuata? Ni masomo mangapi yamechukuliwa na chuo kingine? Ni mara ngapi mtu wa TEHAMA ameitwa kwa tatizo lilelile? Haya yanajibika, na mkuu wa idara akidanganya itaonekana.

Sitarajii muanze na chuo kizima. Anzeni na idara tatu zisizofanana: moja ya sayansi, moja ya lugha au historia, na moja ya utawala kama vile ofisi ya udahili. Kila moja itoe wahadhiri au maafisa wawili watatu na wanafunzi idadi hiyohiyo. Maktaba itatoa chumba, meza na mtu wa kuratibu; mtu huyo nitakuwa mimi au mwenzangu yeyote atakayekubali. Watu wa TEHAMA tunawaomba jambo moja: akaunti zifunguliwe kabla ya siku ya kwanza. Na nyinyi wakuu, mmoja wenu aje katika wiki ya kwanza na kazi yake iliyomshinda, akae, achukue vikaratasi viwili kama wengine. Asije kufungua warsha na kuondoka.

Ratiba za muhula ujao bado hazijafungwa. Msajili akipata maelekezo yenu wiki hii, saa hizo mbili zitapata nafasi.

Wenu katika kazi,
Mkutubi wa chuo kikuu